Mzinga Ulioanguka Kutoka Angani

Mwalimu mwenzangu wa Jiografia ana ugonjwa wa visahani vinavyoruka angani. Kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, anafungua simu yake na kutuonyesha video mpya mle ofisini kwetu: rubani wa Kimarekani ameona kitu kinakata kona hewani bila mabawa, mwanajeshi mstaafu anawaambia wabunge wa kwao kwamba serikali inaficha miili ya viumbe. Historia yote anayo kichwani. Atakueleza jinsi watu walivyoanza kuviona visahani mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, jinsi wakubwa walivyotangaza leo kwamba wameokota kisahani na kesho yake wakasema lilikuwa puto la kupimia hali ya hewa, na jinsi mafaili yalivyofunguliwa baada ya miaka mingi huku nusu ya maneno yamefutwa kwa wino mweusi. Mwisho husema vilevile kila siku. "Wanajua, jamaa yangu. Wanajua, ila hawasemi."

Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi nabeba madaftari yangu natoka nje. Anadhani namdharau, na sijisumbui tena kumweleza. Kwetu kilianguka kitu kutoka huko juu, na baba yangu alikishika kwa mikono yake, na tangu hapo hadithi za visahani zinanitia hasira ambayo haifai kuonyeshwa mbele ya wanafunzi.

Baba alikuwa mrina asali. Alizaliwa Mungaa katika ukoo wa wafugaji, lakini ukame ulimaliza ng'ombe wa nyumbani kwao yeye akiwa kijana, akafuata asali upande wa Itigi, kwenye vichaka ambavyo ukiingia bila panga unatoka bila shati. Akaoa huko, akajenga huko, nami nikazaliwa huko. Mizinga yake ilikuwa ya magogo. Analichonga gogo mwenyewe, analitoboa katikati, anaziba ncha zote mbili kwa vibao na kuacha tundu dogo la nyuki, halafu anautundika mzinga juu ya mti. Kila mzinga aliukata alama ya ukoo wake, mistari miwili na kitone. Mzinga wenye alama hauguswi na mtu mwingine, hata ukikaa mtupu miaka na miaka. Hiyo ndiyo sheria ya warina asali wa kwetu, na sijasikia mtu aliyeivunja akabaki na marafiki.

Kutoboa gogo ni kazi ya kuvunja mgongo, na miti ya kuchonga imeadimika. Kwa hiyo baba alikuwa mtu ambaye akiona chochote kirefu chenye uwazi ndani, tayari anawaza nyuki. Bomba lililotupwa, pipa la lami lililoachwa na wajenzi wa barabara, vyote aliwahi kuvijaribu. Mama alikuwa akimtania, "Wewe hata jeneza lako utataka litundikwe mtini." Baba anacheka, anaendelea kuchonga.

Siku kitu kilipoanguka sikuwepo. Nilikuwa Singida, nilikopanga nyumba mtaa wa Mandewa karibu na shule ninayofundisha. Mama ndiye aliyenisimulia. Jua lilikuwa limezama muda huohuo na yeye alikuwa anaingiza mbuzi zizini. Akaona moto unapita juu, si kwa mbio za kimondo, bali taratibu, kama mtu anayetembea na kijinga cha moto. Ukakatika vipande, kila kipande na mkia wake. Kisha ukaja mngurumo uliotikisa sahani kwenye kichanja, na mbuzi wote wakatawanyika.

Wazee wa kijiji walikuwa na maelezo yao. Nyota ya namna ile, walisema, huonekana anapokufa mtu mkubwa, kama ilivyoonekana enzi za babu zao alipofariki mtemi fulani. Wakafungua redio kusikiliza ni nani amekufa. Hakuwa amekufa mtu. Redio ilisema habari za mbolea na mpira wa miguu, na kuhusu moto uliopita juu ya vichwa vya watu wa wilaya nzima haikusema neno, siku ile wala siku zilizofuata.

Baba alikiona kitu chenyewe alipokwenda kukagua mizinga. Matawi yalikuwa yamevunjika na majani yameungua, na chini yake limelala pipa refu la chuma cha kijivu, urefu wake kumfikia mtu kifuani. Alipolinyanyua alishangaa wepesi wake. Halikuwa na kutu hata chembe. Ncha moja ilikuwa na kifuniko cha duara, karibu skrubu zake zote zimekatika. Baba hakujiuliza limetoka wapi. Alitoa kisu akachora mistari miwili na kitone, na kuanzia hapo likawa mzinga wake mbele ya macho ya kila mrina asali wa upande ule. Akalifunga kwenye baiskeli akaenda nalo nyumbani.

Alinipigia simu jioni hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mwanangu, nimepata mzinga ambao mchwa hawataula hata nikishakufa mimi."

Nilipomwuliza ni mzinga gani huo, akanieleza. Nikacheka. Nikamwambia aangalie, isije ikawa ni kisahani cha viumbe wa sayari nyingine. Akaniuliza kisahani ndiyo kitu gani, nami nikamsimulia yale ya mwalimu wa Jiografia. Baba akafikiri kidogo, akasema, "Basi wakija kuuliza mzinga wao, watakuta alama yangu."

Alipong'oa kile kifuniko, ndani kulitoka harufu. Mama aliielezea kuwa ya samaki waliolala juani, imechanganyika na mkojo. Kulikuwa na unyevunyevu kama mafuta mepesi. Baba akaona ni uchafu wa kusuguliwa. Alitia mchanga na maji, akaingiza mkono hadi kwapani, akasugua. Halafu akafanya kile ambacho kila mrina asali hufanya kwa mzinga mpya: akachukua nta, akaipasha moto, akaipaka ndani yote kwa kiganja ili nyuki wavutwe na harufu, na kwa kuwa pipa lilikuwa refu, akaingiza na kichwa. Alikaa humo akipaka taratibu. Nta hupakwa taratibu, ukiifanyia haraka nyuki hawaji. Kisha akaziba ncha kwa vibao, akalitundika. Kifuniko cha chuma akakiacha uani.

Nyuki walikuja. Waliingia, na kesho yake walikuwa wamelala chini ya mti, wamekufa.

Hapa ndipo ninapotamani kuingia katika kumbukumbu na kumshika mtu mkono. Mimi au wewe tungesema pipa lina kitu. Baba hakusema hivyo, kwa sababu warina asali wa kwetu wanaamini nyuki hukataa mzinga wa mtu mwenye ugomvi. Nyuki wakifa au wakihama, hauulizwi mzinga, unaulizwa moyo wa mwenye mzinga. Na baba alikuwa na ugomvi. Yeye na mdogo wake walinuniana kwa muda mrefu kwa ajili ya shamba la baba yao kule Mungaa. Kwa hiyo alipanda basi, akashuka Mkiwa, akaunganisha gari jingine hadi kwa mdogo wake, akaomba radhi. Walikula ugali pamoja. Baba mdogo alinipigia simu akilia kwa furaha, na mimi nikafurahi, nikasema angalau uzee umemtia kaka mtu busara.

Alirudi nyumbani na moyo mweupe, akalishusha pipa, akalisugua upya na kulipaka nta upya, mkono wote ndani na kichwa ndani. Nyuki wakaja tena, wakafa tena.

Nilipofika likizo nilimkuta amekonda. Ngozi ya viganja ilikuwa inabanduka kama ya kitunguu. Alisema ni utomvu wa miti. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na katikati rangi ambayo sikuipenda. Nikasema twende hospitali. Akasema tutakwenda wiki ijayo, kuna mzinga unataka kurinwa. Tulibishana kwa sauti, na mama akatutuliza wote wawili kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akichoka na watu.

Kabla ya hiyo wiki ijayo, magari yakaja.

Yalikuwa magari mawili meupe. Mtendaji wetu wa kijiji alikaa mbele kwenye lile la kwanza, na alipotusalimia alitazama chini. Wageni walikuwa wanaume watatu au wanne, wa mjini, wenye Kiswahili cha ofisini, na mzungu mmoja ambaye hakufungua mdomo muda wote. Aliyeonekana mkubwa wao alimwamkia baba, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumesikia uliokota kitu huko porini."

"Sikuokota kitu. Nina mzinga."

Walitaka waonyeshwe. Tukaenda nao kwa miguu. Tulipokaribia ule mti, wageni walisimama, wakafungua begi, wakavaa glavu nene za rangi ya machungwa na barakoa za kufunika pua na mdomo, zile zenye vichujio pembeni. Mtendaji walimpa moja. Mimi na baba hatukupewa kitu. Nilitoa simu nikapiga picha, mmoja wao akainyakua, akafuta picha mbele yangu bila haraka, akanirudishia.

Baba aliwatazama, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuyasikia. "Mbona nyie mmevaa?"

"Utaratibu tu, mzee," akajibu yule mkubwa wao. "Hakuna kitu. Sasa tusaidie kuuteremsha, wewe ndiye unayeujua mti."

Na baba akapanda. Alikuwa anakohoa, mikono yake ina vidonda, lakini alipanda, kwa sababu wageni wameomba, na kwa sababu hakuna mrina asali anayekubali mzinga wenye alama yake uteremshwe na mwingine. Mimi nilisimama pale nikajiambia kwamba watu wa serikali hawawezi kumwacha mzee ashike kitu kibaya huku wao wamevaa glavu. Niliamini hivyo kabisa. Baba alilishusha kwa kamba, akalipokea begani, akaliweka kwenye turubai walilotandika, wao wakiwa hatua kadhaa nyuma.

Walipolifunga, yule mkubwa wao alisimama uani kwetu, akatuhutubia sote, mama akiwa mlangoni mwa jiko. Hapa hakijaanguka kitu, alisema. Atakayesambaza maneno au picha atashtakiwa. Atakayekutwa na kipande chochote, hata cha ukubwa wa kidole, atafungwa, na hapo tusije tukasema hatukuambiwa. Kisha akaaga vizuri sana, kwa adabu zote, akampa mama mkono. Glavu alikuwa ameshavua.

Nilimpeleka baba hospitali siku iliyofuata. Macho yake yalikuwa manjano waziwazi. Daktari alikuwa kijana mpole, na mpaka leo sina neno baya juu yake. Alimpima, akamlaza, akatuuliza maswali marefu kuhusu dawa za kienyeji na pombe. Baba hakuwa mnywaji. Nikamweleza habari za pipa, kwa sauti ya chini, nikitazama mlango, na nilijichukia kwa kunong'ona mbele ya kitanda cha baba yangu kama mwizi.

"Lilikuwa na nini ndani?" daktari akauliza.

"Hatujui."

"Mwalimu, ini linaharibika, na mapafu nayo hayako sawa. Ni sumu. Lakini sumu ziko nyingi. Nyingine zina dawa yake kabisa, nyingine hazina. Nikikisia nitamwua mimi. Halikuwa na maandishi? Hata herufi mbili, ningewapigia wenzangu huko hospitali kubwa, tungejua tunapambana na nini."

Baba alifungua macho. "Kwenye kifuniko," akasema. "Yalikuwepo maandishi kwenye kifuniko."

Nilisimama wima. Nikamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kwenye ncha ya kitanda akimkanda baba miguu. "Kifuniko kipo?"

"Walichukua vyote," mama akasema. Hakuacha kukanda.

Kwa hiyo nilikwenda kuuliza. Nilivaa shati langu la mitihani, nikaenda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, maana na mimi sasa nimejifunza kutokutaja. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Nilipoingia nilimkuta ofisa mwenye tumbo la heshima anakula karanga. Nilimwambia sitaki kujua kitu kilikuwa cha nani, sitaki fidia, sitaki gazeti. Nataka jina moja tu: ndani ya pipa mlikuwa na nini, daktari apate kumtibu mzee wangu.

"Pipa gani?"

Nikaeleza upya tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Mwalimu, hakijaanguka kitu wilaya hii. Kingeanguka tungejua."

"Baba yangu anakufa."

"Pole sana. Mungu atamsaidia." Na aliposema pole, uso wake ulionyesha kwamba ni pole ya kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angenitukana ningepata pa kushika. Nilikwenda ofisi nyingine, na nyingine, na kila nilipotoka mlangoni nilisikia nyuma yangu kicheko kidogo. Sikuelewa kwa nini wanacheka mpaka niliporudi Mandewa kuchukua nguo.

Habari ilikuwa imefika mjini kabla yangu. Ilikuwa imeota miguu, mikono na kichwa kikubwa. Walisema huko Itigi kimeanguka kisahani, ndani kulikuwa na viumbe wadogo wenye macho meusi, mmoja alikuwa hai, na mzee fulani mrina asali amewaficha kwenye mizinga. Walisema wazungu wamekuja na ndege. Kwenye kituo cha Mkiwa wachuuzi walikuwa wanawasimulia abiria madirishani huku wakiuza karanga na mayai ya kuchemsha. Mwalimu wa Jiografia alinipokea kwa macho yanayong'aa, akanivuta pembeni. "Niambie ukweli. Uliwaona?"

"Niliona pipa," nikasema. "Lilikuwa na sumu. Baba amelazwa."

"Ndiyo wanavyotaka useme," akanijibu kwa huruma.

Nilimpiga. Sikumpiga sana, nilimsukuma akaangukia kabati la vitabu, na mkuu wa shule akaniandikia onyo. Lakini kuanzia hapo nilielewa ile siri inavyolindwa. Nilikuwa nikidhani kuna watu waliokaa mahali wanafunika mambo kwa makini. Hawakuwa na haja ya kuhangaika hivyo. Neno "sumu" halikumvutia mtu yeyote. Watu walitaka viumbe, na kila nilipofungua mdomo kuuliza habari za pipa nilikuwa tayari mtoto wa mzee wa kisahani, mtu wa kuchekwa. Maofisa walikaa kimya tu, na sisi wenyewe, kwa kupenda maajabu, tukawafanyia kazi yote iliyobaki.

Baba aliishi mpaka mvua za kwanza. Mwishoni hakuwa anaona vizuri. Alikuwa akiniuliza kila nikirudi kutoka kwenye ofisi zangu, "Wamesema ni nini?" Siku za mwanzo nilimjibu kwamba wanaendelea kutafuta. Baadaye nilishindwa hata kusema hivyo. Alikuwa na wazo lake lililomsumbua kuliko maumivu: kwamba huenda hakumwomba mdogo wake radhi kwa moyo wote, ndiyo maana nyuki walikufa. Nilimwapia kwamba si hivyo. Nilimwambia nyuki walikufa kwa sababu ya kile kilichomo ndani ya pipa. Akauliza, "Kilikuwa nini?" Tukawa tumerudi palepale.

Tulimzika nyumbani. Warina asali wenzake walikuja wote, na mmoja alichora kwenye msalaba wa mbao mistari miwili na kitone. Mtendaji wa kijiji alikuja pia. Alisimama mbali na hakula.

Sasa nifike kwenye kile nilichotaka kukisema tangu mwanzo, ambacho hata mke wangu sijamweleza.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani nikimsaidia mama kupiga alizeti. Gari la matangazo likaingia kijijini, spika mbili juu, muziki kwanza, kisha sauti ya mwanamke. Nilisikia baadaye kwamba kitu kingine kilikuwa kimeanguka mahali pengine mbali na kwetu, na huko waliokigusa walikuwa wengi mno kunyamazishwa. Ile sauti ilisema mwananchi yeyote akiona kitu kilichoanguka kutoka angani asikiguse wala asikisogelee, kinaweza kuwa na sumu hatari kwa afya. Iliyarudia maneno hayo kwa furaha, kana kwamba inatangaza sabuni. Ikasema pia kwamba wenye vipande walivyookota zamani wavipeleke ofisi ya kijiji, na hakuna hatua itakayochukuliwa dhidi yao.

Nilikaa chini kwenye maganda ya alizeti. Kumbe ni sentensi moja tu, inayosemwa na gari linalopita. Kumbe ingeweza kusemwa na redio siku ile, katikati ya mbolea na mpira. Nililia kwa hasira, na sioni haya kuandika hivyo.

Nilipoinua kichwa mama hakuwepo. Nikasikia kuku wanapiga kelele bandani. Alitoka ameinama, nyasi kichwani, amebeba kitu cha duara kilichogandwa na mavi ya kuku. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Wamesema hawafungi mtu sasa," akasema. "Umesikia na wewe, si ndiyo? Hawafungi."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Wale walisema atakayekutwa na kipande atafungwa," mama akaendelea, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake kwa muda mrefu. "Hiki walikisahau pale uani. Baba yako alikuwa mgonjwa. Ningekitoa, wangemchukua na ugonjwa wake afie jela. Na wewe na kazi yako ya serikali. Nikasema nitakitoa akipona."

Alikuwa amekishika kwa mikono mitupu. Nilivuta ncha ya shati langu, nikakipokea kwa kitambaa, nikakisugua kwenye majani makavu. Rangi ilikuwa imechubuka lakini maandishi yalisomeka. Yalikuwa ya Kiingereza. Yalisema ni sumu, yalisema usivute hewa yake, usiguse bila kinga. Chini yake, kwa herufi nadhifu, lilikuwepo jina refu la kitu chenyewe. Mimi sikulijua. Daktari angelijua.

Mama hasomi Kiingereza. Hata Kiswahili anasoma kwa shida. Alikuwa ananitazama usoni, kwa sababu hapo ndipo alipoweza kusoma.

"Wameandikaje?" akauliza. "Ndicho daktari alichokuwa anakitaka? Kingemsaidia?"

Niliona miaka yote iliyombakia mama, asubuhi moja moja, na hilo neno limekaa ndani yake. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mkubwa wa magari meupe, yenye adabu ileile.

"Hakuna kitu, mama. Ni jina la kiwanda tu."

Mama alitazama kifuniko, akatazama mikono yake mwenyewe, halafu yangu.

"Mbona sasa umekishika kwa shati?"